Haal ya Bi Mwanakombo

Simu ya jirani yake Qali ilimkuta Lul kibandani pake mtaa wa Iftin, Garissa, mkono mmoja umeshika kijiko cha matundu, mwingine unafukuza nzi, na mafuta yanachemka kwa hasira. Aliibana simu kati ya sikio na bega.

"Naa Lul, kaa chini kwanza," Qali alisema.

"Nikikaa samaki wanaungua. Sema."

"Harusi ya binti yangu Ramlo ni Ijumaa. Wakwe zetu wanatoka Lamu. Wanasema nyama yetu wanaijua na wanaipenda, lakini kwao sinia isiyo na samaki si sinia ya harusi. Nataka samaki, Lul. Wakubwa, wa kulazwa wazimawazima, kichwa na mkia. Usinitie aibu."

Kijiko kilianguka. Lul alipiga kigelegele ambacho kiliwafanya hata wauza miraa wa upande wa pili wasimame kuangalia ni nani kajifungua. Samaki kwenye harusi ya Iftin! Huu ni mtaa wa watu wa nyama na maziwa, ambako kuna wazee mpaka leo hawampi mkono mtu aliyetoka kula samaki mpaka anawe mara tatu. Tangu afungue kibanda hicho, Lul alikuwa ameshazoea wateja wake kununua kwa kujificha, samaki ndani ya karatasi, karatasi ndani ya mfuko mweusi, mfuko chini ya buibui, utadhani wamebeba mali ya wizi. Sasa samaki wangepanda sinia mbele ya watu, na watu wangeuliza nani kawapika. Akili yake ilikuwa imeshafika Ijumaa kabla miguu haijatoka kibandani.

"Wewe unacheka nini peke yako?" aliuliza Sahro, mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Ayeeyo, yaani bibi.

"Ayeeyo, nimepata harusi!"

"Una mume tayari."

"Kupika, Ayeeyo! Samaki!"

Bibi alivuta mtandio puani kana kwamba harufu imeshafika. "Ya Rabbi. Dunia imekwisha, na mimi bado nipo."

Lul hakumjali. Alimpigia Bi Mwanakombo wa Kipini, kule Mto Tana unakoingia baharini. Bi Mwanakombo ndiye aliyemuuzia samaki tangu siku ya kwanza, akampa hata alipokuwa hana kitu mkononi, akamfundisha kutazama macho ya samaki na kunusa matamvua.

"Mwanangu, umenikuta pabaya," Bi Mwanakombo alisema, na nyuma yake upepo ulisikika ukipiga mabati. "Trola zimerudi, zile meli kubwa za uvuvi. Wanatafuta kamba, sawa, kamba ni riziki yao. Lakini ule wavu wao hauchagui. Unakokotwa chini kabisa, unafagia kila kilicholala na kila kilichomea. Kamba wanajaza ndoo, samaki wengine wanajaza sitaha, wafu, wanasukumwa kwa koleo warudi majini. Na sheria inasema wakae mbali! Wako hapa hapa, nguo za mabaharia wao tunaziona zikianikwa. Nyavu za mume wangu wamezipitia juu, hayakurudi hata maboya."

"Kwa hiyo hakuna samaki?" Lul aliuliza.

"Sikusema hakuna. Kila mtumbwi utakaorudi na samaki wa maana, nitamtia kwenye barafu kwa ajili yako. Tuma mtu. Ila aje kwangu, asishike njia nyingine."

*

Mtu huyo alikuwa Diriye, mume wa Lul, na hapo ndipo makosa yalipoanza, ingawa siku ile hakuna aliyeyaona. Diriye alikuwa dilali kwenye soko la mifugo la Garissa. Kazi ya dilali ni mdomo na vidole: muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono chini ya shuka, vidole vinabanwa, bei inapanda na kushuka, na watu waliowazunguka hawajui lolote. Biashara ikikubaliwa, shuka linaondolewa na maneno yanaishia hapo. Kwa miaka yote ya ndoa yao, Lul hakuwahi kujua bei ya mbuzi hata mmoja aliyepita mikononi mwa mumewe, wala jina la aliyemuuza. Ukame ulipopunguza mifugo, mdomo ulibaki mkubwa na kazi ikawa ndogo.

"Niachie mimi," Diriye alisema, akijifunga shuka begani kana kwamba anakwenda vitani. "Samaki ni nini? Mali ni mali. Mtu aliyenunua ngamia kutoka Eldas mpaka Buna ashindwe na kitu kisichokuwa hata na miguu?"

Akaondoka na Liban, kijana mwenye pikapu, masanduku ya barafu yakigongana nyuma.

*

Walirudi kesho yake jioni, na mtaa mzima ulijua, maana Liban aliibana honi kutoka barabara kuu mpaka mlangoni. Watoto walikimbia mbele ya gari. Majirani walitoka. Lul alitoka na mikono yenye unga, na hata Ayeeyo alijivuta mpaka kizingitini, akisema amefuata upepo tu.

Diriye aliruka chini kabla gari halijasimama. "Lul! Leo utanijua mimi ni nani! Masanduku yote yamejaa, na pesa zimebaki! Wachanga, Lul, wote wachanga! Hakuna hata mzee mmoja!"

Akafungua sanduku la kwanza kwa mbwembwe.

Lul alitazama, kisha akatazama tena, akidhani wakubwa wako chini. Akaingiza mkono kwenye barafu akachimbua. Chini walikuwa kama wa juu. Vichangu vya urefu wa kidole, vichewa ambavyo mabaka yao hayajakolea, vitoto vya kolekole vilivyobanwa mpaka macho yametoka, vimechanganyika na kaa waliopondeka na mafungu ya nyasi za baharini zilizong'olewa na mizizi yake. Mkono wake ulitoka umejaa magamba na utelezi.

"Diriye," alisema taratibu, "hawa ni nini?"

"Ndama!" Diriye bado alikuwa anang'aa. "Nyama laini. Nani asiyejua mbuzi mchanga ndiye mtamu?"

"Na Bi Mwanakombo? Hukufika kwake?"

"Nilifika. Mama mzuri, lakini alitaka kuniuzia wazee." Diriye aliwageukia majirani ili wote wafaidike na ujuzi wake. "Alikuwa na samaki wanane, wakubwa hivi. Nikafungua mdomo wa mmoja nikaangalia meno. Meno kamili! Nikamwambia, mama, hii yako imezeeka, hii ni ya kumwekea mgonjwa supu, si ya harusi. Watu wote bwaoni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, walicheka. Basi nikatafuta kwingine."

Jirani mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikatembea kama moto kwenye nyasi kavu. "Diriye kapima samaki meno!" Liban mwenyewe alikuwa ameegemea usukani, mabega yakitikisika. Lul alitamani ardhi ipasuke. Si kwa sababu ya kicheko. Alikuwa anauona uso wa Bi Mwanakombo, amekusanya samaki wanane kutoka bahari iliyofagiwa, mmoja leo, mmoja kesho, amewalaza kwenye barafu kwa heshima, halafu mtu anawafungua midomo mbele za watu.

"Samaki si mbuzi!" alipasuka. "Mbuzi mchanga unamnunua akakua zizini kwako. Hawa watakua wapi, ndani ya sufuria? Hawa ni miba mitupu! Na ndio niliokuwa niwauze mwakani na mwaka unaofuata! Nani alikuuzia?"

Uso wa Diriye ulijifunga. "Tulishikana mikono chini ya shuka."

"Nimekuuliza nani."

"Na mimi nimekujibu."

Ayeeyo alikuwa ameinama juu ya sanduku. Hakuna aliyewahi kumwona karibu na samaki kiasi kile. Alinyanyua kitoto kimoja cha changu kwa ncha za vidole, akakitazama huku na huku, kisha akaokota fungu la nyasi, akalitikisa.

"Haya majani wanayala?"

"Wanajificha humo, Ayeeyo," Lul alisema. "Wanazaliwa humo, wanakulia humo."

"Kwa hiyo kachinja ndama, na kang'oa malisho." Bibi alikirudisha kitoto mahali pake taratibu, akajifuta vidole. "Mwanangu, sijui mambo ya bahari, na sitaki kuyajua. Lakini adabu ninaijua. Umedharau mali ya mwanamke mbele ya watu. Unadaiwa haal."

Haal si mchezo. Ni kitu anachopewa aliyevunjiwa heshima, ili moyo wake upoe na uso wake urudi mahali pake. Asiyeilipa hawezi kukaa na watu. Diriye alimtazama mama yake. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kumfungua mbuzi wa maziwa, yule pekee aliyebaki.

*

Waliondoka alfajiri, Liban, Diriye, Lul, mbuzi, na sanduku moja la wale wachanga, ambalo Lul alisema lazima lirudi lilikotoka. Njiani Qali alipiga simu mara tatu. Lul hakuipokea. Angesema nini?

Kipini walimkuta Bi Mwanakombo bwaoni, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono imekunjwa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvuka mto. Siku hiyo hakuitumia.

"Mama," Diriye alianza, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kinachogeuza 'p' mara nyingine kuwa 'b', ameshika kamba ya mbuzi, "mimi nimekosa. Mdomo yangu ilikuwa mbaya. Hii ni haal. Kwetu mtu akitukana mtu, analeta. Chukua, nisamehe, bole sana."

Bi Mwanakombo alimtazama mbuzi, akamtazama Diriye, kisha akamgeukia Lul. "Mbuzi mzuri. Ana maziwa?"

"Anayo, Bi Mwanakombo."

"Basi mrudishe akawanyweshe wenyewe. Mimi sitaki mbuzi." Akasimama. Kidole chake kilielekea baharini. "Shemeji, unaiona ile?"

Lul aliiona kwa mara ya kwanza maishani mwake. Trola ilikuwa karibu mno, kubwa, yenye kutu, mikono yake miwili ya chuma imenyooshwa pande zote, kamba nene zikizama majini nyuma yake. Maji ilikopita yalikuwa yamegeuka tope. Ndege walikuwa maelfu, wakipiga kelele, wakigombania vilivyotupwa. Lul alikuwa amekaanga samaki miaka yote hiyo bila kujua kwamba kuna mtu anafagia jiko lake kwa upande wa pili.

"Mchana huu anakuja afisa wa uvuvi kutusikiliza," Bi Mwanakombo alisema. "Tumelalamika mpaka ndimi zimeota sugu. Kila mara wakala wa meli anasimama anasema, hao samaki wachanga ni nyavu zenu wenyewe, sisi tunavua kamba tu, tena mbali, nani ameona? Hatuna shahidi. Wanaonunua samaki kutoka meli hizo wanaogopa watanyimwa. Haal yangu ndiyo hiyo, shemeji. Hao wa sandukuni mwako nawajua walikotoka; simama useme ulinunua nini, kwa nani, na wapi."

Diriye alirudi nyuma hatua nzima. "Mama, omba kitu kingine. Dilali hafunui shuka. Nikisema moja, hakuna mtu Garissa atanibatia mkono tena. Hiyo ndiyo kazi yangu. Sina ingine."

"Na yangu ndiyo hii," Bi Mwanakombo akaipiga teke ndoo. "Nayo inaelea pale, imekufa."

Lul alitaka kusema neno, akajizuia. Lilikuwa la mumewe.

*

Banda la wavuvi lilijaa mpaka watu wakakaa nje juani. Afisa wa uvuvi, mwanamke mwembamba mwenye sauti kavu, alisikiliza malalamiko huku akikuna kidevu kwa kalamu. Kisha wakala wa meli akasimama, ananukia manukato, shati limenyooka, na Lul akasikia Diriye, pembeni yake, akivuta pumzi ghafla.

Alikuwa Kerrow. Mtoto wa adeer yake Diriye, yaani baba mdogo, damu moja. Aliyekula nyumbani kwao Iftin Idi iliyopita. Lul akaelewa yote kwa mara moja: mkono uliokuwa chini ya shuka ulikuwa wa ndugu.

"Mheshimiwa afisa," Kerrow alisema kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, "haya tumeyasikia sana. Kampuni yetu inaheshimu mpaka. Samaki wachanga wanaozungumzwa wanatokana na nyavu haramu za hawa hawa ndugu zetu. Kama kuna mtu amewahi kununua samaki kutoka meli yetu, asimame. Tumwone."

Akatazama huku na huku akitabasamu. Macho yake yalipomfikia Diriye yalisimama kidogo, tabasamu halikubadilika. Alikuwa na uhakika na ndugu yake. Sema, Lul alikuwa anaomba ndani kwa ndani, sema, hata tukila ugali mtupu, sema.

Diriye alisimama.

"Mimi," akasema.

Watu waligeuka. Sauti yake ilianza chini, halafu ikapanda. "Mimi ni mtu ya ng'ombe na ngamia. Samaki sijui. Juzi mama huyu alinionyesha samaki kubwa, nikaangalia meno." Kicheko kililipuka banda zima. Akasubiri kiishe, masikio yamemwiva, jasho linamtiririka. "Cheka, ni haki yenu. Nikaacha kubwa nikanunua ndogo, nikidhani ni ndama. Meli ilikuwa pale pale iko sasa. Mashua ilishusha masanduku mbele yangu, mimi na dereva yangu tukajaza kwa gari. Mkono niliyoshika ni ya huyu, Kerrow, mtoto ya adeer yangu. Bei ilikuwa elfu mbili sanduku moja. Na moja ndiyo hii hapa."

Liban na vijana wawili waliliburuta sanduku katikati. Harufu ilitangulia. Afisa aliinama, akachukua kitoto cha chewa, akakilaza juu ya kiganja chake, kikaacha nafasi.

"Kwetu," Diriye aliendelea, sasa hakuna aliyecheka, "mtu akimaliza ndama jike wakati ya ukame, wazee wanamtoza. Akichoma malisho, ukoo yake yote inalipa. Huyu anafanya yote mbili, kila siku, na nyinyi mnamsikiliza kama mheshimiwa!"

Kerrow aliongea kwa Kisomali, taratibu, meno yamebana. "Diriye. Umefunua shuka. Sokoni ni nani atakupa mkono tena?"

Diriye alimjibu kwa Kiswahili, ili bwao lote lisikie. "Basi hakuna!"

Lul hakujua kigelegele kimetoka lini. Alishtukia tu banda limejaa sauti yake, na Bi Mwanakombo anaidaka, na wanawake wa Kipini wanaipokea mpaka nje. Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka. Miaka yote hiyo alikuwa ameolewa na mdomo mkubwa. Leo, kwa mara ya kwanza, aliona umetumika.

Afisa alikuwa ameshatoka, simu sikioni, sanduku likibebwa nyuma yake. Mashua yake ya doria ilinguruma. Watu wote walikimbilia ufukweni, watoto, wazee, Liban na mbuzi, wakatazama mashua ikiikata bahari kuelekea trola. Muda ulipita. Kisha mikono ya chuma ikaanza kuinuka, kamba zikatoka majini zikichuruzika tope, na meli ikageuza uso kuelekea kina kirefu. Bwao lilipiga makelele kama timu imefunga bao.

"Kesho itarudi," Bi Mwanakombo alisema, akijifuta uso kwa kanga.

"Kesho utaniita," Diriye alisema. "Mimi sina kazi tena."

Bi Mwanakombo alicheka mpaka akamshika bega Lul asianguke. Kisha akaifunua ndoo. Wote wanane walikuwa humo, barafu mpya juu yao, macho bado yanang'aa. "Chukua, mwanangu. Haal nimepokea."

Simu ya Lul ililia tena. Safari hii aliipokea.

"Uko wapi, naa!" Qali alikuwa karibu kulia. "Kesho ni harusi! Samaki wako wapi?"

"Ninao, Qali. Wakubwa, wa kulazwa wazimawazima, kichwa na mkia. Wanane."

"Wanane? Masinia mangapi hayo? Wageni wangu nitawaambia nini?"

Lul alitazama bahari, ambako tope lilikuwa bado halijatulia.

"Chinja mbuzi kwa wengine. Hawa wape wazee wa Lamu, na uwaambie ndio waliobaki baharini."

"Njoo nao," Qali alisema. "Lakini utasimama wewe mwenyewe uwaambie. Mimi mtu wa nyama, hawataniamini."